Mko Wazima Nyote?

Maneno ya katekista mmoja mbele ya wakristo na walimu, katika mkutano wa jubilii



Katika siku hizi za jubilii mmesikia habari nyingi za watu waliotutangulia, za majengo waliyoyajenga na za safari walizozifanya kwa miguu. Nasi tulipoambiwa tusimame tuseme neno, tulifikiri sana, kwa kuwa hatuna habari kubwa ya namna hiyo. Tunayo habari ndogo ya watu sita na mlima mmoja, tena si habari ya kushinda. Twaileta mbele yenu kwa sababu katika safari ile tulifundishwa jambo ambalo ilitupasa kulijua tangu zamani, sisi tunaojiita wafundishaji wa wengine.

Tutasema "sisi" tangu mwanzo hata mwisho. Mtu asijitaabishe kutafuta ni nani kati yetu aliyesema hili na nani aliyetenda lile. Liko jambo la aibu katika habari hii, na jambo hilo si la mmoja, ni letu sote. Tutamtenga mtu mmoja tu, yule aliyeugua, maana pasipo yeye hakuna habari. Yeye ni fundi seremala, nasi humwita Fundi. Yupo hapa leo, ameketi safu ya tatu, na ametupa ruhusa tuseme yote.

Wengi wenu mmezaliwa mkiuona Mlima Meru kila asubuhi, basi hatuna haja ya kuusifu. Mwajua ya kuwa katika nchi yetu ya Tanzania hakuna mlima ulio mrefu kuupita, ila Kilimanjaro peke yake. Urefu wake ni meta 4,562. Lakini sisi tulio upande wa mji wa Arusha twauona mlima mzima, umechongoka vizuri kama paa la nyumba ya msonge. Wala hatuujui uso wake wa pili. Mtu akizunguka kwenda Momella, upande wa mashariki, huuona mlima mwingine kabisa. Huko ni kama chungu kilichovunjika ubavu. Zamani sana, maelfu ya miaka yaliyopita, ubavu wote wa mashariki ulianguka, mawe na matope yakamiminika mpaka nyikani. Uliobaki ni mdomo wa chungu, umezunguka kama nusu ya pete. Ndani yake umesimama ukuta wa mwamba wenye kimo cha kiasi cha meta 1,500, na chini ya ukuta huo kiko kilima cha majivu, kwa maana Meru ni mlima wa moto, na mara ya mwisho ulitoa moto mwaka 1910.

Basi njia ya kwenda kileleni hupita juu ya mdomo huo wa chungu. Mkono mmoja ni mteremko wa majivu na changarawe; mkono wa pili ni shimo. Katikati ni mgongo wa mawe, mahali pengine mpana kama barabara, mahali pengine mwembamba hata mtu hutaka kutambaa. Vitabu vingine husema kwamba aliyeandikwa wa kwanza kufika juu ni Mjerumani Carl Uhlig, mwaka 1901. Vingine humpa sifa hiyo Fritz Jaeger, mwaka 1904. Hata leo watu hubishana ni yupi. Twalitaja jambo hilo kwa sababu ubishi wa nani awe wa kwanza ulitupata na sisi, tusiokuwa na kitabu cha kuandikiwa.

Sisi sita ni marafiki wa miaka mingi. Wengine tulisoma darasa moja katika shule ya misioni, tukalala bweni moja, tukala maharagwe ya sufuria moja. Sasa tu watu wa miaka arobaini na zaidi: walimu wawili, makatekista wawili, karani mmoja, na Fundi. Jioni moja, baada ya mazishi ya rafiki yetu, tuliketi kimya nje ya nyumba, na mmoja akasema, "Tumewachorea watoto mlima huu ubaoni miaka ishirini, wala hatujaukanyaga. Tutakufa hivi?" Maneno hayo yalitushika. Tukaanza kuweka akiba ya fedha ya kulipa ada ya hifadhi, na mshahara wa kiongozi, na chakula. Miaka mitatu tuliweka. Mbuzi wawili waliuzwa. Fundi aliuza kabati aliyoitengeneza kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe. Nguo za baridi tulizinunua katika mitumba, na wanafunzi wetu wakacheka walipotuona tunajaribu makoti ya kike. Tuliwaahidi ya kuwa tutawaletea jiwe la kileleni, liwekwe juu ya meza ya mwalimu.

Basi katika mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi, tuliondoka Momella, mahali palipo juu kiasi cha meta 1,500. Pamoja nasi walikuwa kiongozi, kijana mpole mwenye maneno machache, na askari wa hifadhi mwenye bunduki, maana nyati ni wengi katika msitu ule. Siku ya kwanza ilikuwa furaha tupu. Tuliona twiga wakisimama kututazama kama wageni waliochelewa misa. Tuliona mbega wakiruka na mikia yao myeupe. Tulipita chini ya miti mikubwa yenye kuning'iniza ndevu za kijivu matawini. Jioni tulifika Miriakamba, penye nyumba za wasafiri, meta 2,514. Tukala, tukaimba, tukalala.

Siku ya pili njia ilisimama. Ni ngazi juu ya ngazi katika msitu, kisha msitu ukakoma, vikaanza vichaka, na upepo. Alasiri tulifika nyumba za pili, zinazoitwa Saddle Hut, meta 3,570. Fundi alifika wa mwisho, akaketi juu ya jiwe, hakuuvua mzigo wake. Sisi tulipokwenda kupanda kilima kilicho karibu, kinachoitwa Meru Mdogo, yeye hakwenda. Tuliporudi tulimkuta amelala, amejifunika kichwa. Akasema, "Kichwa changu kinagongwa kama kwa nyundo." Nasi tukamjibu, "Fundi, nyundo umeizoea!" Tukacheka.

Chakula kilipoletwa hakula. Alikitazama, akakisukuma pembeni, naye mmoja wetu akakivuta akakimaliza, tena kwa furaha. Ndipo kiongozi akaja na taa, akasimama mlangoni, akauliza kama ilivyo desturi yake kila jioni, "Mko wazima nyote?"

Nasi tukajibu kwa sauti moja, "Wazima!"

Ndugu wapendwa, hilo ndilo jambo la aibu tulilolitaja. Hakuna aliyemdanganya kiongozi kwa kusudi. Tulijibu kama watu wanavyojibu salamu. Lakini tulimjibia mtu aliyekuwa amelala mbele yetu, ambaye sote tulijua kwamba hakula, na kwamba kichwa kinamwuma. Tulikuwa tumeweka akiba miaka mitatu. Kilele kilikuwa karibu. Wala hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kusikia neno lingine usiku ule. Kiongozi alitazama huku na huku, akasema, "Vema, tutaondoka saa saba," akaenda zake.

Saa saba ya usiku tulitoka, kila mtu na taa yake kichwani. Baridi ilikuwa kali. Maji ya chupa yalianza kuganda mdomoni mwake. Tulipanda kwa muda wa saa moja hivi, tukafika mahali panapoitwa Rhino Point, na hapo njia inashuka kidogo na kuingia katika mawe. Huko ndiko tulikokuwa tukikungojea.

Kwa ninyi ambao hamjafanya kazi hiyo, twataka kuwaeleza namna yake. Si kupanda kwa kamba na misumari, wala si kutembea. Ni kwenda kwa miguu na mikono pamoja, kama mtoto apandavyo mwembe. Kiongozi alitufundisha sheria moja: mtu ana viungo vinne vya kushikia, mikono miwili na miguu miwili, vitatu vishike, kimoja kiende. Usihamishe mkono na mguu kwa mara moja. Jiwe usiliamini kwa kulitazama. Ligonge kwanza, ulisikilize, kisha ulitegemee. Ukiangusha jiwe, piga kelele "Jiwe!" kwa ajili ya walio chini yako. Usivute mwili kwa mikono kama unavuta maji kisimani, maana mikono huchoka upesi. Simama juu ya miguu, mikono iwe ya kukuweka sawa tu. Na palipo na jiwe la mwinamo, laini, lisilo na pa kushika, umewekwa mnyororo wa chuma. Mtu huushika, hugeuza uso wake kuelekea mwamba, huenda kwa ubavu, hatua kwa hatua, na chini ya visigino vyake ni giza.

Hatutawaficha: tulifurahi mno. Watu wazima wenye wake na watoto tulijiona kama wavulana waliotoroka shule. Mwamba ulikuwa baridi na mkavu, ulishika vizuri viatu vyetu. Tulianza kushindana ni nani aufikie mnyororo kwanza, na ni nani asiyehitaji kuushika. Kiongozi alitukemea mara mbili. Walio wepesi walikuwa mbele. Fundi alikuwa nyuma, na askari nyuma yake.

Hapo tulifanya kosa la pili, nalo twalisema kwa walimu hasa. Tulipofika mahali pa kupumzika, tulisimama tukimngoja Fundi. Tulipoiona taa yake inakuja tulisema, "Huyo amefika, twende." Tukaondoka. Tulifanya hivyo mara nne au tano, tukajiona watu wema, kwa kuwa tumemngoja mwenzetu. Lakini hesabuni wenyewe: sisi tulipumzika mara nne au tano, na yeye hakupumzika hata mara moja. Aliye dhaifu kuliko wote ndiye aliyekwenda usiku kucha pasipo kuketi.

Baada ya mawe hufuata majivu, na huko mtu hupiga hatua mbili akarudi moja. Ilipata saa kumi na nusu, nasi tumepita meta 4,000, tuliposikia firimbi ya askari. Tukageuka. Taa mbili zilikuwa mbali chini yetu, na moja haikuwa ikisogea.

Tuliposhuka tulimkuta Fundi ameketi majivuni, miguu ameinyosha kama mtoto. Mkono mmoja haukuwa na glavu. Tukamwuliza, "Fundi, una nini?" Akatutazama mmoja mmoja, akasema pole pole, "Mlango ule haujakaa sawa. Chini unagusa." Tukamwuliza tena, akarudia habari za mlango. Ndipo kicheko chetu kilipokoma.

Kiongozi hakupiga kelele. Alimwinua, akachora mstari majivuni kwa fimbo, akamwambia, "Baba, tembea juu ya mstari huu, kisigino mbele ya kidole." Fundi aliweka mguu wa kwanza, akaweka wa pili, akaanguka kwa ubavu, askari akamdaka. Kiongozi akasema, "Huu ni ugonjwa wa mlima, nao umefika kichwani. Huku juu hewa ni nyepesi, kila pumzi humpa mtu kiasi kinachopita nusu kidogo tu ya ile aipatayo pwani. Wengine mwili wao huzoea, wengine huhitaji siku zaidi, wala si jambo la nguvu wala ujana. Dawa yake ya kwanza ni moja, kushuka. Akishuka sasa atapona. Akingoja jua, sijui."

Kisha akauliza, "Jana usiku alikula?"

Hakuna aliyejibu. Usiku uliopita, swali lilipokuwa jepesi, tulijibu sote kwa mara moja. Sasa watu watano tulitazama viatu vyetu.

Ndugu, si vema kuwadanganya kwamba tuligeuka kwa furaha, kama watakatifu. Mbele yetu ilibaki safari ya saa mbili au tatu. Mmoja alisema ya kuwa askari na kiongozi wangeweza kumshusha, nasi tungeendelea polepole kwa kufuata alama za njia. Kiongozi akakataa kwa maneno machache: mawe yale, mtu asiye na akili zake hawezi kuyavuka na watu wawili, anahitaji mikono mbele na mikono nyuma, tena mikono mingi. Mmoja wetu alilia, na machozi yake hayakuwa ya huruma, yalikuwa ya kilele. Wawili walisimama wakitazama juu muda mrefu, ambako nyota zilikuwa zimekatwa na giza la mlima. Hapakuwa na hotuba. Aliyekata shauri hakusema neno: alizivua glavu zake, akapiga magoti, akamvika Fundi mikono yote miwili, kidole kwa kidole, kama mama amvikavyo mtoto. Baada ya hapo ilikuwa vigumu mtu kusema habari za kilele. Tulipokwisha kumfunga Fundi kamba ya kiongozi kiunoni, mmoja wetu aliinama akaokota jiwe dogo, jeusi, lenye matundu, akalitia mfukoni. Tukashuka.

Tulipofika penye mawe, mashariki kulianza kupambazuka. Kilimanjaro ilisimama mbele yetu, mbali kiasi cha kilometa 70, nyeusi kwanza, kisha zambarau, na jua likatoka ubavuni mwake. Chini yetu tuliona sasa lile ambalo usiku hatukuliona: ukuta wote, na kilima cha majivu ndani ya shimo, kidogo kama kichuguu. Mawe tuliyoyakimbilia kwa kushindana yalikuwa na utando mwembamba wa barafu. Tukatazamana. Tungaliyaona hivyo usiku ule, tusingalicheza.

Tulijipanga hivi. Mmoja alitangulia, akageuza uso mwambani, akaushika mguu wa Fundi kwa mkono na kuuweka penye kitako cha jiwe. Wa pili alikaa ubavuni mwake upande wa shimo. Kiongozi alikuwa juu na kamba, amejiegemeza nyuma ya jiwe kubwa. Wengine walipokea mizigo. Tukamwambia Fundi, "Mguu wa kulia, Fundi. Sasa wa kushoto. Mkono wako ulegeze. Sasa ushike." Naye alitii kama mtoto wa darasa la kwanza. Akili yake ilikuwa mbali, lakini mikono yake haikusahau kazi. Mikono ya seremala ikikamata chuma hukamata. Penye mnyororo jiwe moja liliponyoka chini ya kiatu chake. Tulilisikia likigonga mara moja, kisha kimya, kisha likagonga tena mbali sana. Fundi akasema, "Nani anapigilia misumari saa hizi?" Hakuna aliyecheka.

Sehemu ile usiku tuliivuka kwa muda mfupi, hata tukaona imekwisha upesi. Kurudi kulitwaa saa moja na nusu. Nasi twawaambia kweli, walimu wenzetu: katika saa hiyo moja na nusu tulipanda vizuri kuliko tulivyopanda usiku wote. Viungo vitatu vilishika, kimoja kilikwenda. Kila jiwe liligongwa. Hakuna aliyeshindana na mtu.

Saddle Hut tulifika saa tatu ya asubuhi. Fundi alianza kututambua kwa majina. Tulimnywesha chai, hatukumwacha alale, tukaendelea kushuka mpaka Miriakamba. Saa nane alasiri aliketi mwenyewe juu ya benchi, akatazama miti, akauliza, "Chakula changu cha jana ni nani aliyekila?" Hapo tulicheka tukalia, na yule aliyekila akaenda kumpikia uji kwa mikono yake.

Usiku ule tulimwomba radhi. Tukamwuliza, "Kwa nini hukusema? Kiongozi aliuliza, nawe ulikuwa hapo." Jibu lake tumelichukua mioyoni mpaka leo. Alisema, "Mlikuwa mmekwisha kujibu. Nikaona si vema kuwafanya ninyi waongo."

Wapendwa, neno hili "sisi" ni neno zuri. Tumelitumia leo tangu mwanzo, na katika jubilii hii yote watu wanalitumia: sisi tumejenga, sisi tumedumu. Wazee wetu walisema umoja ni nguvu, na pale penye mnyororo tuliona kwa macho kwamba ni kweli, maana mtu mmoja asingaliweza kumvusha Fundi. Lakini neno hilo hilo laweza kumfunika mtu. Usiku wa kwanza tulisema "sisi tu wazima", na ndani ya "sisi" hiyo alikuwamo mgonjwa. Alfajiri yake tulisema "sisi" tena, na kila mmoja alikuwa na mguu au mkono wa mwenzake wa kuuangalia. Neno ni moja, lakini mambo ni mawili, mbali kama mashariki na magharibi.

Walimu, mwaijua sauti ile. Mwauliza darasa, "Mmeelewa?" Nalo lajibu kama ngoma, "Tumeelewa, mwalimu!" Nasi twafuta ubao, twaendelea, maana silabasi ni ndefu na mtihani u karibu. Aliyeko dawati la nyuma, aliyekuja bila kula, asiyeona vizuri ubao, amekwisha kujibiwa na wenzake. Atainuaje mkono, awafanye watu arobaini kuwa waongo? Na akija kwetu amechelewa, akihema, twamwambia, "Haya, umefika, twende." Sisi tumepumzika, yeye hajaketi.

Nasi makatekista si bora kuliko ninyi. Twasimama mlangoni jumapili, twauliza, "Hamjambo?" Watu wajibu, "Hatujambo," na mjane aliyefiwa juzi ajibu pamoja nao, na baba asiyekuwa na ada ya shule ajibu pamoja nao. Kijiji kizima hakijambo! Twaenda nyumbani tumeridhika.

Tuliporudi shuleni watoto walikuwa wakitungoja. Waliuliza kwa sauti moja, "Mlifika?" Tukasema, "Hatukufika." Wakanyamaza, maana walijivunia sisi katika vijiji vyote. Tukaliweka lile jiwe jeusi juu ya meza, tukawaambia kweli yote, na ile habari ya chakula pia. Jiwe hilo si la kileleni, ni la mahali tulipogeukia, nalo liko pale mpaka leo. Tangu siku ile tumejiwekea desturi, na desturi hiyo ni ghali kwa saa: kabla ya kufuta ubao, watatu au wanne wasioinua mikono huulizwa kwa majina yao, mmoja mmoja, kwa upole, wala hakuna ruhusa ya mtu kumjibia mwenziwe. Tumechelewa kumaliza kitabu mwaka ule. Lakini tulimgundua msichana mmoja ambaye alikuwa hasikii vizuri sikio moja, na kwa miaka minne alikuwa akijibu "tumeelewa" pamoja na wengine. Tukamhamisha kiti, basi. Dawa ilikuwa kiti.

Habari ya mlango, je? Juma lile Fundi alipopata nguvu alikwenda kuutazama mlango mmoja alioutia katika nyumba ya mtu kabla ya safari. Akakuta kweli, chini unagusa. Akaupiga randa, akarudi amefurahi, akasema kwamba hata kichaa chake kilikuwa kazini.

Watu hutuuliza kama tumeukatia tamaa mlima ule. Waswahili husema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tumeanza tena kuweka akiba. Safari hii tutakaa siku moja zaidi njiani, mwili uzoee hewa. Na anayetembea polepole atatangulia, sisi wengine tufuate mwendo wake. Fundi amekwisha kuambiwa ya kuwa ndiye wa mbele. Amesema atafikiri, tena ya kuwa chakula chake atakishika mwenyewe.

Tumefika mwisho. Baba Askofu, mapadre wetu, walimu, wakristo wote, tungependa kuwauliza neno moja kabla hatujaketi, nalo ni lile la kiongozi aliyesimama mlangoni na taa: mko wazima nyote?

La, msijibu pamoja. Geuka, mtazame aliye karibu nawe, umwulize kwa jina lake. Kisha ungoje mpaka ajibu mwenyewe.